Gundi Juu ya Majina

Hadi leo, mwanangu, chupa ya gundi ikifunguliwa karibu nami, harufu yake hunirudisha siku moja Kitale, siku niliyotamani ardhi ipasuke inimeze.

Jana ulipokuja na kompyuta yako kunionyesha hotuba utakayoisoma kwenye kongamano la wakutubi huko Kitale, nilikusikiliza hadi mwisho, nikakumiminia chai, nikasema tu, "Sawa." Ukaenda ukidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimejiona. Maneno yako karibu yote niliyasema mimi kabla hujaanza nasari, tena kwa sauti kubwa kuliko yako. Sasa kaa hapo nikwambie, na simu uiweke kando, kwa sababu hili jambo siwezi kulisimulia mara mbili bila kuona haya.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, wakati mwenye simu ya mkono aliitundika mshipini ili kila mtu aione. Nilikuwa nimetoka chuo juzi juzi, nikaajiriwa katika maktaba moja ya Bungoma mjini. Kazi yangu ilikuwa kuorodhesha vitabu: kila kitabu kipewe namba kulingana na habari iliyomo, namba iandikwe mgongoni, ili mtu wa Bungoma na mtu wa ng'ambo wakitafuta habari za nyuki wazipate penye namba moja. Ni kazi nzuri, sikudanganyi. Ila mimi ilinipanda kichwani. Nikienda nyumbani nilipanga sufuria za mama kwa ukubwa na matumizi, hadi siku moja akanifukuza jikoni na mwiko, akisema amepika miaka thelathini bila kupoteza hata kifuniko. Hapo ningejifunza kitu. Lakini wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Mkubwa wangu akanituma Kabuchai kwa wiki mbili, nikasaidie maktaba ndogo ya wananchi. Ati maktaba. Kilikuwa chumba kimoja kando ya kanisa, kati ya mashamba ya miwa, chumba ambacho zamani kiliwekwa mahindi. Wazee wa kanisa walikitoa kwa sharti moja: watu wakiendelea kuja, chumba ni cha vitabu; wakiacha kuja, kinarudi kuwa ghala. Sharti hilo niliambiwa siku ya kwanza, na hata nililiandika kwenye daftari. Kuandika na kuelewa ni vitu viwili, mwanangu.

Aliyekitunza alikuwa Mzee Wanyonyi, mkulima aliyewahi kuwa karani wa mizani ya miwa. Alikuwa mwembamba, mpole, na koti moja la kahawia, mvua inyeshe au jua liwake. Kazi ile aliianzisha na mkewe, Mama Nasimiyu, ambaye alikuwa amefariki miaka miwili kabla sijafika. Vitabu vilikuwa mia mbili na kitu, vyote vya kupewa, na vilipangwa kwa namna ambayo mimi niliona si kupangwa: cha kufuga kuku kimeegemea cha nyimbo za kanisa, cha uzazi kimelala juu ya cha kutengeneza baiskeli.

Lakini walikuwa na namna yao. Mtu akirudisha kitabu hakukitupa mezani akaenda zake. Aliketishwa kwenye benchi mlangoni, akaulizwa amepata nini humo. Alichosema kiliandikwa ndani ya jalada la mbele, mstari mmoja, na jina lake chini. Mama Nasimiyu ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, basi mistari karibu yote ilikuwa ya mkono wake. Akija mwingine na shida yake, mzee alifungua jalada, akamsomea, akamwambia kitabu hiki alikisoma fulani, anakaa ng'ambo ya mto, kichukue, na ukikwama nenda kwake. Kwa hivyo mtu aliazima kitabu na jirani pamoja. Hata yule ambaye herufi zilimsumbua alijua aanzie wapi.

Yote haya mzee alinieleza siku ya kwanza, tukila njugu. Akaniambia hata kuhusu mwandiko wa mkewe. Mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yangu yakihesabu rafu.

Sasa kanuni tuliyofundishwa chuoni ilisema kikaratasi cha tarehe kibandikwe ndani ya jalada la mbele, na bahasha ya kadi chini yake. Basi nikabandika. Siku kumi nilipaka gundi, kitabu baada ya kitabu, juu ya majina ya watu. Niliyaona maandishi yale, siwezi kusema sikuyaona. Niliyaona kama uchafu wa vitabu vya zamani, jinsi unavyoona alama ya kikombe kwenye meza. Mara moja tu mzee aliniuliza kama karatasi ile haiwezi kukaa ukurasa wa nyuma. Nikamjibu kwa tabasamu la mtu anayemfundisha mtoto, "Mzee, dunia nzima inakaa hapo." Akanyamaza kidogo, kisha akaenda kuniletea chai.

Siku ya kuondoka alinifungia kuku wa kwenda naye mjini. Kuku mzima, mwanangu, na mimi nilikuwa nimembandikia mke wake karatasi usoni. Nilimla kuku yule kwa furaha kubwa.

Ilipita miezi kadhaa, kongamano likafika Kitale. Lilikuwa na mambo mawili: kanuni za kuorodhesha vitabu, na namna ya kupeleka maktaba kwa wananchi. Wengi wetu tulikwenda kwa la kwanza. La pili tuliliona ni la kujaza ratiba. Mimi niliandika hotuba kuhusu Kabuchai. Nilifikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Kibomet hapo hapo Kitale, na asubuhi akanipigia suti pasi, akanitazama juu hadi chini, akasema kwa kuwa nimenyooka nje basi ninyooke na ndani. Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mashangazi.

Ukumbi ulikuwa umejaa, kila mtu na kadi ya jina shingoni. Nikamulika picha zangu ukutani. Hii ni kabla, hii ni baada. Hapo vitabu vimelala kama wagonjwa, hapa vimesimama, namba zimeelekea upande mmoja. Nikasema, na maneno haya ninayakumbuka hadi leo, "Kabla yangu palikuwa vurugu tupu." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Moyo ukavimba. Kama ningekuwa na simu ya kutundika mshipini, siku hiyo ningetundika mbili.

Kumbe walioandaa kongamano walikuwa wamewaalika watunzaji wa maktaba za vijijini, kwa lile jambo la pili. Sikujua. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Kule nyuma kabisa, karibu na mlango, nikaona koti la kahawia likisimama.

"Mimi naitwa Wanyonyi, natoka Kabuchai," alisema, pole pole, na ukumbi ukageuka kumtazama. "Kwanza nashukuru huyu mtoto. Alifanya kazi na mikono yake mwenyewe, hakulala. Vitabu iko safi na iko na namba. Sasa mimi niko na swali moja tu. Tangu aende, watu wamekuja watatu. Na kanisa inataka chumba yake wakati wa mavuno. Hiyo namba ya kutafuta kitabu nimeijua. Mnipatie ile ya kutafuta watu."

Akakaa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema tutaliangalia wakati wa chai, na wakati wa chai ukaja mapema kuliko ilivyoandikwa.

Mimi nilikwenda nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya maji, nikasimama pale nikijifanya ninapanga makaratasi. Nilikuwa nimeona haya, ndiyo, lakini nisikufiche, kwanza nilikuwa nimekasirika. Nilijiuliza mzee huyu kwa nini aniaibishe mbele ya watu, na mimi niliyemsaidia. Majivuno yakichubuliwa hupiga kelele kabla ya dhamiri kuamka. Nikiwa bado pale, akatokea na vikombe viwili vya chai na mandazi mawili yaliyofungwa kwa karatasi. Akanipa cha kwangu. Akaegemea ukuta kando yangu kama tuliopanga kukutana hapo.

Nikamuuliza kwa nini hakunikataza tangu mwanzo.

"Ulikuja kwangu mgeni, mama," akasema. Wazee wa kwetu humwita binti mama, wakimpenda. "Mgeni ametumwa kazi, utamkatazaje? Nilidhani utauliza. Nikangoja. Ulisoma vitabu yote mgongoni, ukamaliza. Hakuna hata moja ulifungua ukasoma."

Kisha akaniambia yaliyotokea. Watu walikuja wakafungua jalada, wakakuta karatasi yenye tarehe. Wakauliza hiki alikisoma nani, naye akawa hana pa kusoma; mengine aliyakumbuka, mengine hapana. Aliyerudisha kitabu aligongewa muhuri akaenda, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuandika alichosema. Wengine wakadhani vitabu sasa ni vya serikali, ukivichafua utafuatwa nyumbani. Mmoja mmoja wakaacha. Benchi likabaki na kuku wa kanisa.

Nikamwuliza, nikiogopa jibu nililolijua, kama mwandiko wa Mama Nasimiyu ulikuwa mahali pengine popote. Barua, daftari, chochote. Akanywa chai. Akasema mkewe hakuwa mtu wa barua, kwani wangeandikiana nini na walikuwa wanalala nyumba moja. Halafu akaniambia nile mandazi, yatapoa.

Mwanangu, majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nililia pale kwenye mapipa, na suti yangu iliyopigwa pasi, na kadi yangu ya jina shingoni. Mzee hakunibembeleza na hakuondoka. Alingoja nimalize, kisha akaniuliza kama gundi ile inaogopa maji.

Wiki iliyofuata niliomba likizo nikarudi Kabuchai. Tuliazima jiko na sufuria kutoka kwa akina mama wa kanisa, tukachemsha maji, na mimi nikashika kila jalada juu ya mvuke hadi karatasi ilegee, kisha nikaibandua kwa kisu kisicho na makali. Vidole viliniungua. Kazi niliyoifanya siku kumi nikiimba niliifumua kwa wiki mbili nikiwa kimya. Mengine yalitoka salama, wino ukaonekana umefifia lakini unasomeka. Mengine yalichanika, mstari ukaondoka na gundi. Mara ya kwanza ilipochanika nilimwonyesha mzee. Akavaa miwani, akatazama, akasema aliyesoma bado yuko, niende nikamwulize.

Basi nikaenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kweli kweli. Nilitembea boma hadi boma na vitabu mfukoni, nikipiga hodi, nikisema mimi ndiye yule wa namba, nimefuta maneno yako kwa bahati mbaya, naomba uniambie tena. Wengine walinicheka. Bibi mmoja alinifanya nikoboe mahindi debe zima kwanza, ndipo akakumbuka. Msomaji mmoja, Mama Nafula, alikuwa amehamia Bumula na kufungua duka la kushona. Nilimfuata hadi huko, naye alipoona kitabu cha mishono alikishika kifuani, akasema alidhani vyote vilichukuliwa. Na kila nilipouliza mtu alichokisoma, yeye naye aliniuliza chumba bado kiko wazi? Nikasema kiko. Kesho yake namwona kwenye benchi. Hilo jambo la pili la kongamano, mwanangu, lile tuliloliona la kujaza ratiba, nililijifunza kwa miguu.

Siku ya kamati ilipofika, wazee wa kanisa walikuja baada ya ibada kutazama kama chumba kirudi kuwa ghala. Aliyekitaka zaidi alikuwa mwenyekiti wao, Mzee Barasa, mtu wa sauti nzito. Aliingia akipima kuta kwa macho, magunia mangapi hapa, mangapi pale. Watu walikuwa wamejaa hadi nje. Mzee Wanyonyi hakumwomba wala hakubishana. Alivuta kitabu cha kufuga kuku, akafungua jalada, akampa. Mzee Barasa akasoma, midomo ikitembea. Pale nilipobandua karatasi kulikuwa na mwandiko wa Mama Nasimiyu: kwamba Barasa alitumia dawa ya ukurasa wa kumi na mbili, kuku wake saba wakapona, na yeyote mwenye shida kama hiyo amwone. Akausoma tena mstari ule. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kama anaweza kukiazima tena. Habari za magunia hazikurudi.

Kilibaki kitabu kimoja. Nilikuwa nimekiacha mwisho kwa sababu nilikijua: kitabu chembamba cha nyuki. Mama Nasimiyu alikuwa na mizinga yake nyuma ya nyumba, na kitabu kile alikisoma yeye mwenyewe, akajiandikia mstari wake kama msomaji mwingine yeyote. Nilikishika juu ya mvuke kwa mikono miwili. Nilikwenda pole pole, Mungu shahidi yangu. Karatasi ikatoka, na mstari wote ukatoka nayo. Jalada likabaki jeupe.

Huyu ndiye msomaji ambaye nisingeweza kumpigia hodi. Nikatoka nje na kitabu, nikasimama mbele ya mzee, nikamnyooshea. Akakichukua. Akapitisha kidole pale palipokuwa na maneno, mara moja, mara mbili. Kisha akasogea kwenye benchi akanipa nafasi.

"Kaa," akasema. "Toa kalamu. Mimi nilisoma hiyo mstari kila siku, naijua. Andika hivi: Nimesoma yote. Nyuki hawataki haraka." Akangoja nimalize. "Sasa weka jina yake. Usiweke yangu."

Nikaandika, machozi yakidondoka, nikijitahidi yasiguse wino. Mzee akasoma, akasema mwandiko wangu si mbaya, ila ule wa mwenyewe ulikuwa mzuri zaidi. Nikakubali. Na hapo hapo, tukiwa na macho mekundu sote wawili, tukacheka.

Namba nilizoandika migongoni hatukuzifuta. Mzee mwenyewe alikataa. Alisema zile ni mlango wa mbele, mgeni akija atajua pa kubisha. Na kweli, kwa namba hiyo hiyo ya nyuki nilimpatia kitabu kingine kutoka Bungoma, akakisoma akapinga nusu yake. Vikaratasi vya tarehe tulivihamishia ukurasa wa nyuma, na dunia nzima haikuanguka. Nami nilipoandika kadi za orodha, kila kadi niliiwekea mstari mmoja chini: Aliyekisoma, mwulize. Mkubwa wangu alinung'unika kwamba kanuni haina mstari huo. Nikamwambia kanuni haikatazi. Tulivutana mwaka mzima, akachoka kabla yangu.

Mzee Wanyonyi ametangulia mbele za haki. Chumba kipo, na benchi lipo, limebadilishwa mbao mara mbili.

Sasa nasaha yangu ni hii. Hotuba yako ni nzuri. Namba zako ziko sawa, nimezikagua, na usimruhusu mtu akwambie kanuni ni kiburi cha wasomi. Bila kanuni kitabu hupotea kama sindano kwenye nyasi. Lakini ile picha yako ya tatu, yenye neno "vurugu", ifute. Mahali ambapo watu wanapata wanachokitafuta si vurugu, ni mpango ambao wewe bado hujaelezwa. Ukiingia chumba cha watu, kaa kwanza kwenye benchi lao. Fungua jalada kabla ya kuandika mgongoni. Kuuliza si ujinga, mwanangu, na anayenyamaza mbele yako si lazima awe amekubali. Huenda anakungoja uulize, na huku amekuletea chai. Na ukikosea, maana utakosea, usikimbilie nyuma ya mapipa. Chemsha maji, uanze kubandua.

Nimekuwekea kitu hapo mezani, chini ya gazeti. Ni kile kitabu cha nyuki. Nimekiazima kihalali, tarehe imegongwa nyuma, na siku zake zinaisha wiki ya kongamano lako. Ndani utaona mwandiko wangu wa ujana, na chini yake kuna nafasi. Kisome. Ukitoka Kitale pitia Kabuchai ukakirudishe, na usikiache tu mezani ukaondoka. Keti pale mlangoni useme ulichopata, waandike jina lako chini ya jina la Mama Nasimiyu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kueleza na sikio kubwa kuliko ulimi. Akukutanishe na wenyeji wapole kama nilivyokutanishwa, na siku ukiwaumiza, wakuletee chai. Popote utakapoingia na vitabu vyako, watu wasogee kwenye benchi wakupe nafasi.